Kengele ya Shimo la Tano

4 Februari

Mdogo wangu Kijiti,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi hatujambo, ila sikio la kushoto la Mama limefunga duka kabisa, na la kulia linafungua likitaka. Ukimwambia chai iko tayari, anasikia. Ukimwambia dawa, hasikii. Mpwa wako amemaliza mafunzo ya ushonaji na amepata cherehani yake mwenyewe, ya mkono wa pili lakini haina matata. Juzi alinipima mabega akasema, "Mama, umepungua." Nikamwambia labda futi yake ndiyo imevutika. Siku hiyo hiyo akaomba kofia ya baba yake, ile ya kaki, ashone ukingo uliofumuka. Nikamkatalia kwa ukali mpaka nikajishangaa mwenyewe. Bado iko juu ya kabati, kwenye boksi la viatu.

Nakuandikia kwa mambo mawili, la ofisi na la kwangu. Nianze na la ofisi kwa kuwa ndilo jepesi.

Bado niko klabu ya gofu, kwenye chumba kile kidogo nyuma ya kaunta, chenye dirisha linalotazama kilima cha shimo la tano kutoka ubavuni, pande zake zote mbili. Kazi yangu ni ile ile: daftari la wanachama, funguo za makabati, na barua. Ulipoondoka miaka sita iliyopita, daftari lilikuwa na wanachama mia mbili na kumi na wawili. Leo wamebaki sitini na mmoja, na kati ya hao nina wasiwasi wawili wamekufa, ila hakuna aliyetuletea habari. Makabati mengi hayana mwenyewe. Upepo ukipita chumba cha kubadilishia nguo, milango yake inagongana kama watu wanaoitana.

Kamati imekaa, imeamua kila aliyetoka aandikiwe barua na aulizwe sababu kwa upole, na majibu yasomwe kwenye mkutano wa mwisho wa Julai. Katibu wa sasa hakuwepo enzi zenu. Akapekua daftari mpaka ukurasa wa nyuma, akakuta jina lako kwa mwandiko wa Katibu wa zamani: "Mbeba fimbo. Amepewa uanachama wa heshima. Amekataa." Akauliza, "Huyu ni nani?" Nikasema ni mdogo wangu. Akacheka akasema, "Basi mwandikie naye. Aliyekula akaondoka na aliyekataa hata kunawa, wote wametuachia chakula mezani."

Fomu iko ndani ya bahasha. Ina mstari mmoja tu wa kujaza: Sababu.

La kwangu ni hilo hilo. Tangu klabu ijengwe hakuna mbeba fimbo aliyewahi kupewa uanachama. Ulipewa wewe, wiki ya pili baada ya sisi kumzika mume wangu. Ukakataa, na siku ya tatu ukapanda basi na mkoba mmoja. Mimi nilikuwa nimefiwa, sikuwa na nguvu ya kuuliza. Sasa ninayo. Nataka kujua kwa nini ulikataa, na kwa nini hujarudi nyumbani hata mara moja.

Dada yako.


9 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika imechanika pembeni, lakini haikupungukiwa na kitu. Nimefurahi sana kwa habari ya cherehani. Mwambie mpwa wangu kwamba hapa kiwandani tunasokota nyuzi za kushonea, kwa hiyo huenda uzi anaotumia umepita mikononi mwangu. Ukimkatikia, asinilaumu, alaumu mashine.

Mimi mzima. Kwenye idara yetu mashine zikianza kuzunguka, maneno yanakwisha. Tunaongea kwa mikono. Vidole viwili ni chai. Kuvuta sikio ni msimamizi anakuja. Wengi wanakimbia hii idara kwa ajili ya kelele. Mimi niliiomba mwenyewe. Asubuhi naingia mapema kabla king'ora cha zamu hakijalia, na jioni natoka wa mwisho kikishanyamaza. Wenzangu wananiita Mume wa Mashine. Mwambie Mama na masikio yangu yanaelekea kufunga duka, tutafungua ushirika.

Fomu nimeijaza. Sababu: Muda.

Ni kweli, Dada. Gofu inakula muda, nami muda sina.

Mdogo wako.

Nimesahau. Ile kengele ya shimo la tano bado ipo?


24 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama amesomewa barua yako mara mbili, ya pili kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Akasema, "Mume wa Mashine! Na mimi mkamwana wangu ni wa chuma." Amecheka mpaka kikohozi kikamshika. Mpwa wako anasema uzi haujamkatikia.

Fomu yako nimeiweka na nyingine. Zimeshafika themanini na tatu. Watu wana sababu, mdogo wangu. Daktari wa Meno ameandika goti. Hakimu, mgongo. Mama Mwavuli, yule aliyekuwa anatembea na mwavuli mwekundu hata jua likiwa limelala, ameandika wajukuu. Wengine wameandika ada, foleni barabarani, watoto hawapendi. Zaidi ya arobaini wamelalamika kwamba mchezo umekuwa mrefu. Raundi iliyokuwa inachukua saa nne sasa inachukua saa sita. Wanaingia asubuhi na wanakosa chakula cha mchana nyumbani, na wake zao, na waume zao, wamechoka.

Nikazipanga fomu mezani kama mtu anayepanga karata. Ndipo nikaona. Daktari wa Meno, baada ya goti lake, ameandika chini kwa herufi ndogo: Kengele ya shimo la tano bado inatumika? Hakimu naye ameuliza. Mama Mwavuli ameuliza. Mwalimu Mkuu mstaafu, aliyekuwa wa kwanza kabisa kujitoa, ameandika sababu ni macho, kisha ameuliza. Watu wanne, kila mmoja anaishi kwake, na wote wanauliza habari za kengele moja.

Na wewe wa tano.

Katibu naye akataka kujua kengele ile ni ya nini hasa, kwa kuwa yeye hachezi. Nikampeleka dirishani nikamwonyesha. Nikamwambia, kilima kinaficha bonde. Anayepiga huku hamwoni aliyeko kule. Wanaotangulia wakishavuka bonde, mmoja wao anagonga kengele mara tatu, ndipo walio nyuma ya kilima wanapiga. Akafikiri kidogo akasema, "Kwa hiyo mtu anapiga kwa kumwamini asiyemwona." Nikamjibu ndiyo, ni hivyo.

Nilifungua daftari la zamu za kucheza la mwaka ule. Jumamosi ile mume wangu alipoangukia mtaroni akitengeneza bomba la klabu, watu hao wanne walicheza pamoja, kundi moja, asubuhi. Jina la kundi lililowatangulia limefutwa kwa wino mweusi.

Uliniambia siku ile ulikuwa shimo la tisa. Nakumbuka vizuri, ulikuwa umesimama kwenye korido ya hospitali umeshika soda ambayo hukuifungua.

Muda si sababu, Kijiti. Niambie nyingine.

Dada yako.


30 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, homa ilinilaza kidogo. Sasa nimepata nafuu. Hapa mvua imekuwa ya kutosha na pamba inaingia ikiwa na unyevu, kazi imekuwa ngumu.

Nakuomba uyaache majibu ya watu. Goti ni goti na mgongo ni mgongo. Watu wazima wakizeeka wanaumwa. Kundi gani lilicheza saa ngapi halitamrudisha shemeji. Mama alituambia tukiwa wadogo, kidonda kikishafunga usikichokonoe.

Wabusu wote.

Mdogo wako.


19 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole kwa homa. Mama ninaye hapa hapa, nimemuuliza. Amesema hakuwahi kusema hivyo. Alichosema ni kwamba kidonda kikifunga na usaha ndani, kipasuliwe. Ndiyo maana nakuandikia.

Jumanne alikuja Mwalimu Mkuu. Alikuja kuondoa vitu vyake kabatini, viatu na glavu moja, miaka mitano baada ya kujitoa. Nikamkaribisha kiti. Nikamuuliza, "Mwalimu, macho yanaendeleaje?"

"Macho, binti yangu, ni hivyo hivyo."

"Mbona namba ya kabati umeisoma bila miwani?"

Akatazama dirishani. Wachezaji watatu walikuwa wamefika chini ya kilima. Kengele ikagongwa upande wa pili, mara tatu, ile sauti unayoijua, ya tatu fupi kidogo kuliko mbili za kwanza. Hakuna aliyepiga. Wakamtuma mbeba fimbo apande kilimani atazame. Akapanda, akatazama, akawapungia mkono kwamba kuko wazi. Bado hawakupiga. Wakapanda wenyewe, mmoja mmoja, wakatazama bonde, wakashuka, ndipo wakapiga. Dakika ishirini zimekwisha. Nyuma yao kundi jingine lilikuwa limeshakaa kwenye majani, watu wametoa simu.

Nikamwambia, "Hivi ndivyo wanavyofanya wote siku hizi. Nikiwauliza wanasema ndiyo utaratibu wa hapa. Hakuna anayejua ulianza lini."

"Mimi ndiye niliyeuanza," Mwalimu akasema. "Nilirudi kucheza mara mbili baada ya siku ile. Sikuweza kuiamini tena. Wakanitazama, wakaniiga." Kisha akasema, kana kwamba nimembishia, "Lakini iligongwa. Masikio yangu haya yaliisikia. Mara tatu, wala si mbili."

Nikamuuliza, siku ipi, Mwalimu?

Alisimama akachukua vitu vyake akatoka. Kiatu kimoja kilibaki chini ya kiti. Nimekiweka kwenye kabati lake na nimefunga kwa ufunguo, sijui kwa nini.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijamweleza mtu. Mume wangu alilala hospitali siku mbili bila kusema neno. Mimi ndiye niliyekuwa nampangusa kichwa kwa kitambaa. Waliniambia ameteleza akagonga bomba. Nyuma ya sikio la kulia palikuwa na alama ya duara, ndogo, kama umemkandamiza mtu kwa kizibo cha chupa. Bomba ni nene kama paja langu. Niliijua ile alama nilipoiona. Nimefanya kazi klabu miaka kumi na minne, nimeokota mipira mingapi?

Sikusema. Nina sababu yangu ya kutosema, na kwenye fomu haiingii.

Wewe uliyekuwa ukimwita shemeji kwa sauti ya juu kutoka getini ili akuwekee chai. Uliyevunja kiti chetu ukicheka. Siku ile ulikuwa na kundi gani?

Dada yako.


21 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Sina salamu nyingi leo. Nimeanza barua hii mara nyingi kwenye chumba cha mapumziko, na mwenzangu mmoja akaniuliza kwa mikono kama nimepata mchumba.

Nilikuwa na kundi la mbele. Nilibeba fimbo za Katibu wa zamani. Alikuwa anacheza na wageni wake wawili na alikuwa na haraka. Tulipovuka bonde akaniambia, "Kijiti, gonga, hao wa nyuma wasije wakatulalamikia." Nikaenda kwenye nguzo nikagonga mara tatu.

Unajua desturi ya shemeji. Pale kwenye kengele ukisimama huuoni mtaro, matete yamefunika. Kwa hiyo akishuka kutengeneza bomba alikuwa anatundika kofia yake kwenye nguzo, juu ya kengele. Kofia ikiwa pale, hakuna anayegonga, hata awe nani. Hakimu alisimama jua kali nusu saa siku moja kwa ajili ya kofia ile, na shemeji alipotoka na matope mpaka magotini alimwambia, "Mheshimiwa, kesi yako imeahirishwa." Wote tulicheka, na Hakimu alicheka kuliko sisi.

Siku ile niligonga. Mipira minne ikapita juu ya kilima. Nilisikia mitatu ikitua kwenye majani. Wa nne nikausikia ukigonga kitu, sauti fupi, nikadhani ni jiwe.

Wakashuka wanne wakitania. Walipata mipira mitatu. Mama Mwavuli ndiye aliyetenga matete kwa mwavuli wake akitafuta wa nne. Akaita jina la Mungu. Shemeji alikuwa amepiga magoti, kifua kimeegemea bomba, spana bado mkononi. Sisi sote tulifika. Katibu wa zamani akatazama akasema, "Ameteleza." Hakuuliza mtu. Alisema hivyo, na tulivyonyamaza tukawa tumesema pamoja naye. Mpira ule ulikuwa mahali fulani kwenye maji ya mtaro. Kila mpira una alama ya mwenyewe. Hakuna aliyeutafuta. Mpaka leo hakuna kati ya wale wanne anayejua ulikuwa wa nani, na nadhani hawataki. Mimi sikuhitaji kujua. Bila kengele yangu asingepiga yeyote.

Wiki mbili baadaye Katibu wa zamani aliniita kwenye chumba hicho hicho unachokalia. Kadi ilikuwa imeshaandikwa jina langu kwa mwandiko mzuri. Akanishika bega akasema, "Kuanzia leo wewe ni mmoja wetu." Nikaelewa maana ya kuwa mmoja wao. Na nikaona jambo jingine dogo: mwanachama akicheza, kila raundi lazima apite kwenye ile kengele, na zamu yake ikifika aigonge. Nikairudisha kadi mezani. Hiyo ndiyo sababu. Ukitaka iandike kwenye fomu.

Lakini lililonifukuza nyumbani ni lingine. Dada, siikumbuki kofia. Nikifumba macho naiona nguzo, naiona kengele, naona kutu kwenye bawaba, na juu yake hakuna kitu. Ila mtu anayetaka kujiokoa hukumbuka anachotaka kukumbuka. Labda ilikuwepo. Labda niliambiwa harakisha nikaharakisha, nikagonga chini ya kofia yake bila kuinua macho. Miaka sita naiangalia ile nguzo. Siku nyingine kofia haipo. Siku nyingine ipo, na ukingo wake umefumuka.

Sikuweza kukaa mezani kwako nikila chakula chako bila kujua. Usinijibu kama huwezi.

Mdogo wako.


3 Agosti

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Mama hajambo. Mpwa wako ameshona sare za shule thelathini na mbili na mgongo unamuuma kama Hakimu. Nimechukua wiki sita kukujibu. Barua yako imekaa kwenye mfuko wa gauni langu la kazi mpaka karatasi imelainika kama kitambaa.

Kofia haikuwepo.

Nakuandikia tena ili uone kwamba mkono haukuteleza. Kofia haikuwepo kwenye nguzo. Ilikuwa nyumbani, kwenye kamba ya kuanikia, inachuruzika maji.

Ijumaa ile niliifua. Ilikuwa imekaa jasho mpaka inasimama yenyewe mezani, nikamwambia kofia hii sasa inaweza kwenda kazini bila wewe. Jumamosi asubuhi haikuwa imekauka. Akatoka uani akaishika, akaikamua kidogo, akasema, "Mama watoto, leo nina bomba la bondeni. Kofia yangu?" Nami nilikuwa na haraka, chungu kilikuwa kinamwagika jikoni. Nikamjibu kutoka ndani, wala sikugeuka. Nikamwambia, "Siku moja bila kofia haitakuua."

Akacheka. Hilo ndilo nililokuwa nalo mimi. Alicheka, akajipangusa kichwa kwa kiganja, akaondoka kichwa wazi.

Sikuuliza habari ya alama nyuma ya sikio kwa sababu ningeuliza, wangeniuliza kofia yake ilikuwa wapi. Nikaona heri wote tuseme ameteleza. Nikawa mmoja wao kabla yako, mdogo wangu, na hata kadi sikupewa. Wewe umetembea miaka sita na kosa ambalo jibu lake nilikuwa nalo juu ya kabati, kwenye boksi la viatu. Ningekuandikia mstari mmoja ungekuja kula nyumbani. Nilikuwa naogopa. Naomba unisamehe hilo kuliko lile la kofia.

Sasa nikueleze la mkutano. Asubuhi ya Jumamosi, kabla kamati haijakaa, nilitoa kofia kwenye boksi. Nikapitia njia ya wakata nyasi, nikapanda kilima, nikashuka bondeni. Matete yamekuwa marefu kuliko mimi. Bomba alilokuwa akilitengeneza bado linavuja pale pale. Nikatundika kofia kwenye nguzo, juu ya kengele. Sikuigusa kengele. Nikarudi ofisini nikakaa dirishani na fomu zangu.

Kundi la kwanza likavuka bonde. Mbeba fimbo, mtu mzima wa siku zenu, yule mnayemwita Babu Glavu, akaenda kwenye nguzo kugonga. Akaiona. Mkono ukabaki hewani. Akavua kofia yake mwenyewe, akarudi nyuma akasimama. Wachezaji wake wakamuuliza kitu, akawajibu, nao wakasimama. Huku nyuma ya kilima wakasubiri kengele. Wakapanda kutazama kama kawaida yao. Safari hii walipofika juu hawakushuka. Wakakaa kule kule. Kundi la tatu likafika likakaa nao. Hakuna aliyepiga, na hakuna aliyethubutu kwenda kuishusha. Kwa muda wa saa nzima, Kijiti, watu kumi na mmoja walimsubiri mume wangu atoke mtaroni. Nami dirishani nikawa namsubiri. Nisikufiche.

Katibu akaja na faili lake. Akauliza kulikoni, mbona uwanja umesimama. Nikamwambia kuna mtu anafanya kazi bondeni. Akatazama, akasema, "Sioni mtu." Nikamwambia, ndiyo maana ya kofia.

Mkutanoni nilisoma majibu yote, goti, mgongo, wajukuu, foleni. Ulipofika mstari wako nikasoma ulichoniandikia, habari ya kadi na ya kengele. Kisha nikasoma langu, ingawa mimi si mwanachama wala hakuna aliyeniuliza. Nilisoma polepole kwa sababu herufi zilikuwa zinacheza. Mwalimu Mkuu alikuwa amekuja, amekaa nyuma kabisa. Aliinuka akasema, "Mmoja wa wanne ni mimi," akakaa. Baada ya muda Daktari wa Meno, ambaye sikujua kama yupo, akasema, "Na mimi." Katibu aliandika mpaka kalamu ikaisha wino. Wanasema watapeleka jambo lote kwa wanaohusika. Klabu inaweza kufungwa, nami nitapoteza chumba changu na dirisha lake. Sawa.

Jioni nilikwenda kuichukua kofia. Babu Glavu alikuwa bado amekaa karibu na nguzo, anailinda. Akaniambia, "Shemeji, nilikuwa nakusubiri wewe, maana yeye amechelewa." Tukatembea wote mpaka getini.

Kofia iko ndani ya kifurushi hiki. Mpwa wako ameshona ukingo. Nilimruhusu, nikamweleza kila kitu, akalia juu ya cherehani yake kisha akamaliza kazi. Uitundike mahali utakapoiona. Ikiwepo utajua ipo. Nguzo ile unayoiona ukifumba macho, ilikuwa tupu, nami ndiye shahidi.

Nyumbani kuna kiti kile ulichovunja, tulikigongomea misumari, kinakaa mtu mwepesi. Sikuiti kwa lazima. Nina ombi moja tu dogo. Kesho usikikimbie king'ora kwa kuingia kiwandani mapema. Simama nje na wenzako, ukisikilize kinalia mpaka mwisho. Na kikinyamaza, unikumbuke.

Dada yako.